Kiti cha Kubembea cha Satchel Paige

Mzee aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, kisha akaniuliza bila kunitazama: "Mwanangu, huyu mzee mwenzangu wamemfanya nini?"

Tulikuwa ndani ya gari, injini imezimwa, kwenye njia panda ya mtaa wa 18 na Vine hapa Kansas City, nje ya Makumbusho ya Besiboli ya Ligi za Weusi. Picha aliyokuwa akiitazama ni ya tarehe 25 Septemba 1965. Inamwonyesha mwanamume mrefu, mwembamba, aliyevaa sare ya timu, ameketi kwenye kiti cha kubembea, kile ambacho Wamarekani humwekea babu yao barazani. Pembeni yake yupo mwanamke aliyevaa mavazi meupe ya muuguzi. Ukiitazama haraka utadhani ni mgonjwa aliyetolewa nje apate hewa.

Nilimweleza kwamba huyo ni Leroy Paige, ambaye ulimwengu wote wa besiboli unamjua kwa jina la Satchel. Kwamba usiku ule alikuwa na miaka 59, naye alikuwa karibu kuingia uwanjani kucheza mechi ya Ligi Kuu dhidi ya vijana ambao baadhi yao walikuwa na umri wa kuwa wajukuu zake. Nilimweleza pia kwamba kiti na muuguzi viliwekwa na mwenye timu ili watazamaji wapate kitu cha kufurahia.

Mzee alinyamaza muda mrefu.

"Na yeye mwenyewe alikubali?"

Sikuwa na jibu. Hii ni wiki ya sita nimelibeba swali hilo, na limenilazimisha kuyasoma upya maisha ya mtu niliyedhani namjua.

Tulikotoka asubuhi ile

Mimi ni mkalimani. Kansas City ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa za Wakongo waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, na kazi yangu ni kukaa kati yao na watu wa ofisini. Mzee huyu ni mtu wa Baraka, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Vita ya 1996 ilimvusha ziwa, akaishi kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma mpaka alipoletwa Marekani pamoja na mkewe na wajukuu wawili.

Asubuhi ile tulikuwa tumetoka katika ofisi moja ambako jambo lililotupeleka lilikuwa umri wake. Karatasi zake zinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1965. Watu wa kazi yangu tunaijua vizuri tarehe hiyo. Mtu anayesajiliwa kambini bila cheti, na asiyejua siku aliyozaliwa, mara nyingi huandikiwa siku ya kwanza ya mwaka, na mwaka wenyewe hukadiriwa na karani aliyeketi mbele yake. Naifahamu nyumba moja ambamo watu sita wana siku moja ya kuzaliwa.

Mzee anasema yeye ni mkubwa kuliko hapo, na magoti yake yanamuunga mkono. Anafagia ghala usiku kucha, kwa sababu kwa hesabu ya karatasi bado hajafikia umri wa kupumzika. Dawatini tuliambiwa, kwa upole, kwamba kinachoangaliwa ni kilichoandikwa.

Makumbusho yalikuwa njiani. Nilitaka tu asahau kidogo.

Kupitia wavu wa kuku

Ukiingia mle ndani, unaona uwanja mdogo wenye sanamu za shaba za wachezaji, lakini unauona kupitia wavu wa waya, wavu ule ule wa banda la kuku. Huwezi kuingia. Lazima kwanza uzunguke historia yote ukutani, timu kwa timu, mwaka kwa mwaka, na ni mwisho kabisa mlango unapofunguka ukajikuta umesimama katikati yao. Mdakaji ni Josh Gibson, aliyekuwa pia mpigaji wa kuogopwa wa Ligi za Weusi, amechuchumaa na glavu yake. Na katikati ya uwanja, mahali pa mrushaji, yupo Satchel Paige.

Mzee hakuwa ameona besiboli hata mara moja. Nilimweleza kwamba mrushaji husimama umbali wa mita 18 na kidogo kutoka kwa mtu mwenye gongo, na kwamba mpira wake unatakiwa upite juu ya bamba lenye upana wa sentimita 43, usishuke chini ya magoti wala usipande kifuani. Mpigaji akiukosa mara tatu, ametoka. Nilimweleza pia jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa mchezo huu: kwamba watu wote uwanjani, na maelfu walioketi, wanamngoja mrushaji, na hakuna kinachoanza mpaka yeye auachie mpira.

"Kwa hiyo yeye ndiye mwenye saa," Mzee alisema.

Nimesoma mengi kuhusu Satchel Paige, na sikumbuki kukutana na maneno yanayomfaa zaidi ya hayo.

Kabla ya mechi aliweza kumwambia mdakaji aweke chini karatasi ya pipi, ile ya kufungia ubani wa kutafuna, akairushia mipira ikipita juu yake mmoja baada ya mwingine. Mipira yake aliipa majina kama mtu anayeita mifugo yake. Mmoja aliuita wa nyuki, kwa sababu ulivuma ukipita. Lakini ule uliowatesa zaidi wapigaji ulikuwa mpira wa kusitasita: aliinua mguu wake wa kushoto juu sana, akaushusha, mguu ukakanyaga chini kama kawaida, ila mkono ukabaki nyuma, umetulia, huku mpigaji ameshaanza kuzungusha gongo kwenye hewa tupu. Ndipo mpira ulipokuja. Mwaka 1948 rais wa Ligi ya Marekani, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, Will Harridge, aliupiga marufuku mpira huo.

Alikuwa amezuia saa, na wakamkataza.

Mbuzi aliyekula Biblia

Alizaliwa Mobile, Alabama, mji wa bandari. Mama yake, Lula, alifua nguo za watu. Baba yake, John, alikuwa mtunza bustani. Akiwa mtoto alibeba mizigo ya abiria kwenye stesheni ya treni kwa senti chache, na kwa kuwa mikono miwili haikutosha, alitumia mti na kamba ili abebe mikoba mingi kwa mara moja. Satchel maana yake ni mkoba. Jina la kazi likawa jina lake.

Mwaka 1918, akiwa na miaka 12, alikamatwa kwa kuiba mapambo madogo dukani, akapelekwa shule ya kurekebisha watoto weusi huko Mount Meigs. Alikaa miaka mitano. Kocha Edward Byrd ndiye aliyemfundisha kuinua mguu mpaka ufunike anga mbele ya macho ya mpigaji. Baadaye Paige alisema kwamba alibadilishana miaka mitano ya uhuru kwa kujifunza kurusha mpira, na maneno hayo hunukuliwa kama habari njema. Mimi siwezi kuyasoma hivyo. Mtoto wa miaka 12 hakubadilishana chochote na mtu yeyote. Alichukuliwa, na huko alikopelekwa akaokota alichokikuta.

Suala la umri wake lilikuja baadaye, alipokuwa maarufu. Kila mwandishi alitaka kujua ana miaka mingapi. Aliwapa majibu tofauti. Mama yake naye alitoa lake. Na Satchel aliwasimulia kwamba karatasi ya kuzaliwa kwake ilihifadhiwa ndani ya Biblia ya familia, na kwamba mbuzi aliila Biblia hiyo.

Nilipomsimulia Mzee habari ya mbuzi, alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mbuzi hula karatasi," alisema. "Hilo ni kweli kabisa."

Kwa miaka mingi nimeipenda hadithi hiyo kwa sababu nilimhesabu Satchel miongoni mwa watu wetu, wale wasio na cheti, wale wa tarehe 1 Januari. Safari hii niliposoma kwa utulivu niligundua kwamba nilikosea. Rekodi yake ilikuwapo. Ofisi ya afya ya Mobile ilikuwa nayo wakati wote, na inasema tarehe 7 Julai 1906. Ukungu uliozunguka umri wake aliutengeneza mwenyewe, akautunza kwa miaka mingi kama mtu anayetunza moto usizimike.

Kwa nini?

Jibu nililofikia si la kitabu, ni langu. Mtu aliyemuuliza Satchel Paige umri wake mwaka 1948 alikuwa anauliza, hata kama hakujua, amechelewa kwa miaka mingapi. Na jibu la kweli la swali hilo lilikuwa jambo ambalo muulizaji na nchi yake hawakutaka kulisikia: kwamba alianza kulipwa kwa kurusha mpira mwaka 1926 huko Chattanooga, na kwamba kwa miaka 22 mlango wa Ligi Kuu ulifungwa mbele yake kwa sababu ya rangi ya ngozi. Umri wake ulikuwa ushahidi. Aliuficha, na badala yake akawapa mbuzi.

Barabarani

Miaka hiyo 22 aliichezea barabarani. Aliichezea Birmingham, akaichezea Pittsburgh Crawfords ya Gus Greenlee, akaenda hadi Bismarck kule North Dakota, ambako mwaka 1935 alikuwa kwenye timu ya weusi na weupe pamoja iliyochukua ubingwa wa taifa wa timu za nusu kulipwa mjini Wichita. Mwaka 1937 alikwenda Jamhuri ya Dominika kuichezea timu iliyobeba jina la mtawala Trujillo, na askari wenye bunduki wakiwa uwanjani. Alicheza na wazungu nyota kila msimu wao wa ligi ulipokwisha, kwa sababu mechi za maonyesho zilikuwa halali ambako mechi za ligi zilikuwa haramu. Joe DiMaggio, aliyekuja kuwa mpigaji nyota wa Ligi Kuu, alipambana naye kabla ya yeye DiMaggio kuingia ligi hiyo, na baadaye akamtaja Paige kuwa mrushaji bora kuliko wote aliowahi kukutana nao.

Mara nyingi usiku hawakuwa na hoteli ya kuwapokea. Walilala ndani ya magari.

Na magazeti makubwa hayakutuma watu. Mechi nyingi za Ligi za Weusi zilichezwa, zikaisha, watu wakaenda nyumbani, na hakuna aliyeandika ni mipira mingapi ilirushwa. Paige alijiwekea hesabu yake mwenyewe, na hesabu hiyo ni kubwa mno, ya maelfu ya mechi, hata wanahistoria huipokea kwa tahadhari. Nilikuwa nikiiona kama majigambo ya mchezaji. Siku hizi naiona kama rejista ya mtu ambaye ofisi haikumfungulia rejista.

Mkono uliokufa

Mwaka 1938, akiwa Mexico, mkono ulikataa. Bega lilimuuma kiasi kwamba hakuweza kuuinua. Madaktari walimwambia hatarusha tena. Alikuwa na miaka 32, na mkono ule ndio uliokuwa shamba lake, duka lake na akiba yake yote. Nje ya besiboli hakuwa na kazi aliyofunzwa isipokuwa kubeba mikoba ya watu.

Aliyempokea ni J. L. Wilkinson, mwenye timu ya Kansas City Monarchs, naye alimweka kwenye kikosi cha pili kilichozunguka miji midogo kwa kutumia jina lake. Watu walilipa ili wamwone Satchel Paige. Wakamwona: akirusha mipira laini, dhaifu, kwa zamu chache kati ya zamu tisa za mechi, kisha akaenda kusimama kwenye nafasi nyingine. Kila siku mkono ulichuliwa kwa mafuta na maji ya moto. Ilikwenda hivyo mji baada ya mji katika mwaka 1939, mpaka maumivu yakaondoka na mpira ukaanza kuvuma tena.

Nimeukalia sana mwaka huo. Ukimtazama Paige wa 1965 kwenye kiti, ni rahisi kudhani kwamba hapo ndipo alipofanywa maonyesho kwa mara ya kwanza. Sivyo. Alikwishakuwa maonyesho akiwa na miaka 33, jina lake likiuza tiketi wakati mkono wake haukuwa na kitu, naye alijua kila jioni kwamba waliokuja wamekuja kumwona mtu ambaye hayupo. Alivumilia kwa sababu alikuwa anangoja. Mwaka 1942 alikuwa amerudi kamili, na Monarchs wakaifunga Homestead Grays mechi nne bila katika fainali ya Ligi za Weusi, Josh Gibson mwenyewe akiwa upande wa pili na gongo mkononi.

Hakuwa wa kwanza

Oktoba 1945, Brooklyn, timu ya Ligi Kuu, walimsajili Jackie Robinson, mweusi wa kwanza kufunguliwa mlango ule uliokuwa umefungwa. Robinson alikuwa mchezaji wa Monarchs, timu moja na Paige, kijana wa miaka 26 aliyekuwa na msimu mmoja tu katika Ligi za Weusi.

Paige hakumsema vibaya hadharani. Lakini baadaye alikiri kwamba iliuma, na sioni namna ambavyo isingeuma. Yeye ndiye aliyekuwa amewajaza watu viwanjani kwa miaka 20, yeye ndiye aliyekuwa amewatoa wazungu nyota uwanjani mbele ya watu wao, na siku mlango ulipofunguliwa aliingia kijana. Naelewa kwa nini walimchagua Robinson, na historia imewapa haki. Hata hivyo haki ya mmoja haifuti uchungu wa mwingine, na nadhani tumekuwa wepesi mno kuusimulia mwaka ule kama furaha tupu.

Zamu yake ilikuja tarehe 7 Julai 1948, siku aliyotimiza miaka 42, Bill Veeck, mwenye timu ya Cleveland ya Ligi Kuu, alipomsajili. Mhariri wa gazeti la The Sporting News, J. G. Taylor Spink, aliandika kwamba kumsajili mtu wa umri ule ni kuishusha hadhi ya Ligi Kuu, na kwamba kama angekuwa mzungu asingefikiriwa. Siku mbili baada ya kusajiliwa aliingia dhidi ya St. Louis, akarusha zamu mbili, hakuna aliyefunga. Tarehe 3 Agosti alianza mechi yake ya kwanza mbele ya watu zaidi ya 72,000. Tarehe 20 Agosti walikuja 78,382, na Chicago wakaondoka bila pointi hata moja. Alimaliza msimu ameshinda 6 na kupoteza 1, Cleveland wakawa mabingwa, na Oktoba akawa mrushaji mweusi wa kwanza kusimama kwenye fainali za Ligi Kuu, ingawa walimpa wapigaji wawili tu wa kuwatoa kisha wakampokonya mpira.

Wawili. Baada ya miaka 22.

Usiku wa 25 Septemba

Sasa nirudi kwenye kiti.

Uwanja ulikuwa mtaa wa 22 na Brooklyn, mwendo mfupi kutoka pale nilipoegesha gari na Mzee, mahali pale pale ambapo Paige aliwahi kuichezea Monarchs. Ulibomolewa mwaka 1976. Mwenye timu ya Kansas City Athletics, Charlie Finley, alikuwa na timu dhaifu na viti vitupu, akamsajili Paige kwa mechi moja. Muuguzi alimchua mkono kwa dawa mbele ya watu. Walikuja 9,289.

Kisha Paige aliinuka kwenye kiti akaenda kusimama mahali pa mrushaji. Alirusha zamu tatu dhidi ya Boston. Alitumia mipira 28. Ni Carl Yastrzemski peke yake aliyeupiga mpira wake kwa mafanikio, na Bill Monbouquette akatolewa kwa kukosa mara tatu. Hakuna aliyefunga. Alikuwa na miaka 59, miezi miwili na siku 18, na mpaka leo hajatokea mtu mwenye umri huo aliyerusha mpira katika Ligi Kuu.

Zamu ya nne alitoka tena, akasimama pale kidogo, ndipo meneja akaja kumtoa kama walivyopanga, ili watu wapate nafasi ya kumpigia makofi. Taa zilizimwa. Watu waliwasha viberiti gizani, wakaimba wimbo wa zamani unaohusu farasi aliyezeeka.

Wimbo huo ndio ulionikosesha usingizi. Waliimba kwa mapenzi, naamini hivyo. Lakini waliyemwimbia wimbo wa farasi mzee alikuwa ametoka kuwanyamazisha vijana wa Boston kwa zamu tatu mfululizo. Ina maana kwamba hata baada ya kuona, waliendelea kukiona kiti.

Kwa wiki mbili nilishikilia jibu moja: kwamba Paige aliwazidi akili wote, kwamba kiti kilikuwa mpira wake wa kusitasita wa mwisho, aliwaacha wacheke mapema kama mpigaji anayezungusha gongo hewani, kisha ndipo akarusha. Ni jibu zuri. Nilikuwa nimeanza kuliandika hapa. Kilichonizuia ni namba moja.

Siku 158

Ligi Kuu ilikuwa na pensheni kwa mchezaji aliyetimiza miaka mitano ya utumishi. Paige alicheza Cleveland 1948 na 1949, kisha St. Louis kuanzia 1951 hadi 1953. Huko, akiwa na miaka 46, alishinda mechi 12 katika msimu mmoja. Ukijumlisha siku alizokuwa kwenye orodha ya mishahara, alikuwa amepungukiwa siku 158.

Miaka ya Birmingham haikuhesabiwa. Wala ya Pittsburgh. Wala ya Monarchs.

Kwa hiyo mtu aliyeketi kwenye kiti cha kubembea mwaka 1965 alikuwa mtu asiye na pensheni. Nikilijua hilo, siwezi tena kusema kwa wepesi kwamba alikuwa akitucheza sisi sote. Huenda alifurahia, na huenda aliona aibu, na yote mawili huweza kukaa katika kifua kimoja kwa usiku mmoja. Lakini alikuwa pia mzee anayetafuta riziki, na swali la Mzee la kama alikubali linabadilika mtu akishakuwa na haja.

Mwaka 1968 Bill Bartholomay, mkuu wa Atlanta Braves, aligundua habari ya siku zile akamwandikisha kama kocha, akaendelea naye hadi 1969, mpaka siku zikatimia. Tendo hilo halikuimbiwa na mtu, wala taa hazikuzimwa. Nalihesabu miongoni mwa matendo bora yaliyowahi kufanywa katika mchezo huu, na lilifanyika kwa kalamu na orodha ya mishahara.

Mwaka 1971 Jumba la Mashuhuri wa besiboli lililoko Cooperstown lilimchagua, wa kwanza kabisa kuchaguliwa na kamati iliyoundwa kwa ajili ya Ligi za Weusi, kisha likapanga kumweka katika sehemu ya pembeni, mbali na wengine. Watu walipiga kelele, mpango ukabadilishwa, na Agosti aliingia kama wengine walivyoingia. Ted Williams, mpigaji nyota wa Boston, alikuwa ameliomba jambo hilo miaka mitano kabla, akisimama pale pale katika sherehe yake mwenyewe ya kuingizwa na kumtaja Paige na Gibson kwa majina. Paige alifariki tarehe 8 Juni 1982 hapa Kansas City, siku tatu baada ya kuhudhuria, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, uzinduzi wa uwanja uliopewa jina lake. Desemba 2020 Ligi Kuu ilizitambua Ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi. Kabla ya hapo vitabu vilimpa ushindi wa mechi 28 tu.

Ziwa lilipopanda

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwa Mzee jioni, kabla hajaenda kazini. Nilikuwa nimefikiri sana juu ya mbuzi wa Satchel, nikataka kumuuliza habari za mbuzi wa kwao.

Alinisimulia kwamba alichunga mbuzi wa baba yake, na kwamba mwaka mmoja Ziwa Tanganyika lilipanda bila kushuka, likameza nyumba za ufukweni, maji yakaingia zizini usiku, naye akambeba mwanambuzi mabegani mpaka mlimani. Alinionyesha alivyomshika, miguu miwili huku na miwili huku.

"Ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

Alinyoosha kiganja chake juu ya sakafu, usawa wa meza.

Mvua zile zilianza mwishoni mwa 1961, na ziwa liliendelea kupanda mpaka 1964. Karatasi yake inasema alizaliwa Januari 1965. Nilimwomba aanze upya, polepole, nami nikaandika: ziwa, zizi, mwanambuzi, urefu wa meza. Mkewe alitoka jikoni akaongeza jina la mchungaji wa kanisa ambaye nyumba yake ilichukuliwa na maji.

Juzi tulirudi ofisini na ukurasa huo mmoja, umetafsiriwa na kupigwa chapa. Sijui watauchukua au hawatauchukua. Tulipokuwa tumekaa tukingoja, Mzee aliniomba simu, akataka nimtafutie tena ile picha. Aliitazama kwa muda, akiisogeza mbali na karibu kama mara ile ya kwanza.

"Huyu hakuumwa," alisema. "Amekaa kama mtu anayengoja zamu yake."

Karani akaita namba yetu. Mzee alinirudishia simu, akajishika magoti, akainuka.